Mchanga Wangu Umehamia Kwako

Horini, Kiwengwa,
Unguja.
12 Agosti 2024, Mfunguo Tano mwezi 7

Mpendwa mdogo wangu Sichana,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitamka, marahaba. Natumai u mzima, na lile goti la kulia limeacha kukusumbua kwa hizo dawa za Maskati, ingawa mie dawa ya chupa siiamini. Ungelichua kwa mafuta ya nazi na kitunguu thomu lingeshapona zamani. Wajukuu hawajambo? Yule mdogo kashaanza kusema Kiswahili, au bado ni Kiarabu kitupu?

Sisi huku hatujambo. Khamisa, wifi yako, ana kifua kidogo kwa baridi ya kusi, lakini sauti ya kunigombeza haijapungua. Mimi nna miaka sabiini na minane na meno kumi na tisa yangu mwenyewe. Vijana wa hapa wa miaka thalathini hawanifikii kwa meno wala kwa mwendo.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Usiicheke hati. Nilisoma darasa la watu wazima miezi mitano tu, nikawa wa kwanza katika watu kumi na mmoja, na ningeendelea ila mwalimu hakuwa na jipya la kunifundisha.

Najua utauliza kwa nini sikutuma sauti kwenye simu kama watu wengine. Simu ya nyumba hii hushikwa na kila mtu, na sauti yangu ikishaingia humo huzunguka mtaa mzima kabla haijafika kwako. Haya ya leo si ya mtaa. Barua nimempa Shemsa, binti wa jirani yetu, anayekuja huko Maskati kumsaidia dada yake aliyejifungua.

Huyo huyo Shemsa amebebeshwa na karatasi nyengine, ya mwanao Abdulwahid. Anataka uitie saini ili akodishe kiwanja chako chote cha hapa kwa tajiri mmoja wa mahoteli. Kabla hujashika kalamu, isome yangu mpaka mwisho. Nyumba yangu imebakisha hatua nne kufika ukingoni, hatua zangu mie, si za mtu mfupi, na bamvua kubwa la Septemba, maji yanapojaa kupita siku zote, haliko mbali. Jawabu lako ndilo litakaloamua nitalala wapi.

Huyo mwanao, Mungu amhifadhi, ni mtoto wa Mji Mkongwe. Amekulia Kiponda, kwenye vichochoro ambavyo hata jua huingia kwa hodi. Alikuja hapa na viatu vyeupe, akasimama juu ya fungu la mchanga lililoota mbele ya kiwanja chako, akapiga picha pande zote nne, akasema, "Mjomba, pwani ya mama imekuwa kubwa, mashallah. Ardhi inazaa hii."

Nikamwambia, "Ardhi haizai. Hiyo ni pwani yangu, imehamia kwa mamako."

Akacheka. Alidhani namfanyia mzaha. Mtu mzima mwenye ndevu, hajui mchanga unakwenda wapi, na anataka kukodisha pwani.

Wewe huna kosa la kutojua, umeondoka siku nyingi, basi nakueleza. Upande wangu wa kusini unakumbuka ulivyokuwa. Chako kikafuata, kikaishia kwenye hori linalotoka mikokoni na kumwaga baharini. Ng'ambo ya hori, upande wa kaskazini, pangu tena, penye minazi. Sasa, mchanga wa pwani hii una safari zake tangu kabla ya babu zetu. Kusi likivuma, wimbi huja kwa upande, hupanda pwani likielekea kaskazini, kisha hushuka moja kwa moja, na kila likishuka limeshaisogeza punje mbele kidogo. Likija kaskazi, huzirudisha. Nilikuwa sihangaiki. Pwani yangu ilikuwa kama mwanamke aliyekwenda kwao kwa mapumziko, ikiondoka najua mwezi itakaorudi.

Hoteli ya kusini yangu ndiyo iliyoharibu. Miaka mitatu iliyopita walimwaga mawe mstari mrefu kuingia baharini ili mchanga usiwatoke. Alikuja mhandisi mwenye kofia ya manjano, akasimama kivulini siku mbili, akaondoka. Kwao pwani ikanenepa, wageni wakatandikiwa vitanda. Kwangu ikakonda. Mchanga unaotoka kusini unakwama kwenye mawe yao, wangu unaendelea na safari kuja kwako, na wa kuufidia haupo. Hata kuku angelifahamu hesabu hiyo. Mhandisi nilipomweleza aliniambia, "Mzee, bahari ina mambo yake." Mshahara analipwa kwa maneno hayo.

Kusi la mwaka jana likachukua jiko. Sikulia. Wajua mie si mtu wa kutishwa na maji. Miaka thalathini na moja nimejenga na kutengeneza kuta za Mji Mkongwe, na zipo nyumba tatu za Shangani ambazo zingekuwa vifusi kama si mkono huu. Basi kaskazi lilipoingia nikajenga ukuta mbele ya nyumba. Mawe ya matumbawe, chokaa niliyoichoma mwenyewe, saruji kidogo tu ya kuridhisha watu. Hatua ishirini na tano kwa urefu, na kimo unanifika kifuani. Watu walitoka mpaka Pwani Mchangani kuja kuutazama. Majirani zangu walikuwa wakijaza mchanga kwenye magunia ya mchele na kuyapanga kama wanajenga kibanda cha kuchezea. Niliwaonea huruma.

Yaliyofuata nakueleza wewe tu. Zamani wimbi lilikuwa likipanda mchanga, likichoka, likinywewa, likirudi dhaifu. Ukuta uliposimama likawa halina pa kuchokea. Linapiga jiwe na kurudi na nguvu zake zote, na katika kurudi linachimba miguuni. Nikaona mchanga mbele ya ukuta unashuka, leo kiganja, kesho mkono mzima. Nikatia mawe makubwa. Yakazama kama tende kwenye uji. Bamvua la mwandamo wa mwezi huu, asubuhi watu wakinywa chai, ukuta ukalala.

Ukalala kifudifudi, mzima mzima, hauna ufa hata mmoja. Mpaka leo unaweza kutembea juu yake kama baraza. Kwa hivyo asije mtu akakwambia Mjaka alijenga vibaya. Ardhi ndiyo iliyouondokea. Wageni wa hoteli wanakuja kuupiga picha, na mmoja juzi alipanda juu na kikombe chake cha kahawa, akakaa.

Khamisa alisema, "Umeitandikia bahari kitanda." Nikamwambia anyamaze. Hakunyamaza.

Nikupe na kichekesho. Yupo binti hapa, Ulfat, wa chuo kikuu, mwenye kofia pana kama ungo. Kazi yake kuchomeka miti pwani na kuitazama. Mwezi wa sita alipaka mchanga rangi. Naapa, Sichana. Ndoo mbili za mchanga, akazipaka rangi ya chungwa, akazianika, akazimwaga mbele ya nyumba yangu, halafu kila siku anapita na kijiko kuanzia kwangu mpaka horini, anachota, anahesabu punje za rangi. Miaka kumi na sita ya skuli hiyo.

Nikamwuliza, "Mwanangu, umeolewa?"

"Bado, babu."

"Sababu nshaijua."

"Mchumba kasema nimalize kwanza kuhesabu," akanijibu, wala hakuinua kichwa.

Ulimi anao. Nilimpa dafu.

Siku ya tisa akaja mbio kunipa habari kwamba punje zake zimeonekana kwenye fungu lako. Kama kwamba hiyo ni habari. Jiko letu lilipokwenda na maji, ile mbuzi ya Khamisa ya kukunia nazi ilielea, na iliokotwa wapi? Juu ya fungu lako, siku ya pili, na haikupakwa rangi yoyote. Nilimwambia angeniuliza mie angeokoa ndoo zake. Akaandika maneno yangu kwenye daftari, hilo nampa haki yake.

Lakini aliniambia na jambo jengine. Alisema, "Babu, hata fungu la Bi Sichana usiliamini. Hori limeanza kulila shingoni." Nikaenda kutazama mwenyewe, maana sichukui neno la mtu. Ni kweli. Hori sasa limekunjwa, linapita nyuma ya fungu mwendo mrefu kabla halijapata pa kutokea, na maji hayapendi kuzungushwa. Pale fungu linaposhikana na nchi pamebaki hatua kumi na mbili. Bamvua likijaa maji yanapita juu. Ikija mvua kubwa ya masika nyuma yake na bahari mbele yake, hori litatoboa hapo, na hilo fungu lote litavunjika liende Pwani Mchangani, au liingie ndani lizibe mikoko. Yote mawili nimeshayaona, ulikuwa bado mtoto.

Tajiri wa Abdulwahid anataka kuweka vyumba kumi na viwili hapo hapo. Akiona mchanga unatikisika na yeye atamwaga mawe, maana wote wana akili moja ya kununua. Hori litakosa pa kupumulia, mikoko itaoza kwenye maji yaliyolala, na zamu ya kukonda itakuwa ya wenzetu wa kaskazini. Na mkataba utakuwa na jina lako.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikae chini niandike. Abdulwahid aliposhikilia habari ya kukodisha, nikamwambia kama ni hivyo sehemu kubwa ni yangu, kwa sababu mchanga ule ni wangu, umetoka kwangu, na nnao ushahidi wa mbuzi ya nazi na wa punje za chungwa. Yeye akaenda kumwita sheha. Alhamisi iliyopita Mkubwa, sheha wetu, akaja na hati ya mirathi ya baba, ile tuliyoandikishana mwaka sabiini na tisa. Mkubwa unamjua, husoma kila neno kama analipima kwa mizani. Akasoma mbele ya watu saba, pale pale uwanjani pangu: "Na mpaka wa Sichana upande wa kaskazini ni hori linapomwaga baharini, popote litakapomwaga. Maji ndiyo mpaka, wala pasitiwe alama nyengine."

Akanitazama juu ya miwani. "Mzee Mjaka, maneno haya aliyatunga nani?"

"Mimi."

"Umeyatunga vizuri. Hayana pa kupenya. Fungu lote ni la Bi Sichana, na minazi yako ya ng'ambo hori likiifikia, na hapo pia ni pake."

Abdulwahid akainamisha uso. Meno aliyaficha, mabega hayakufichika.

Nilirudi ndani, chakula cha mchana sikula. Watu wale saba walicheka kwa sababu walidhani mzee amejisahau. Hawajui kitu. Mimi na wewe ndio tunaojua, na wewe labda hujui yote.

Kugawana sehemu mbili zangu na moja yako ni sheria ya Mungu, sina la kusema hapo. Lakini namna ya kukata ilikuwa yangu. Nilijichukulia kusini penye pwani pana, na ng'ambo penye minazi, nikakuachia katikati matope ya mikoko na mawe. Ulikuwa umekaa mlangoni na Abdulwahid mchanga mapajani. Ukasema tupande mibono kuwa mpaka kama wafanyavyo watu wote. Nikakataa, nikasema maji ndiyo mpaka, na wazee wakanisifu kwamba nimekupunguzia kazi. Kumbe misimu mitatu ya kaskazi nilikuwa nimelitazama hori likila upande wako na kunijazia wangu. Nilijua. Nikaandikisha hivyo makusudi. Miaka minane likanipa hatua thalathini na kitu za ardhi yako, nikapanda minazi juu yake, na ulipokuja kwenye harusi ya mwanangu ukaniuliza mbona kiwanja kimekuwa chembamba, nikakwambia ni macho yako.

Kisha likageuka, likaanza kurudi kaskazini, na halijasimama mpaka leo. Ile minazi niliyoipanda imeshakwenda yote.

Nimeyaandika haya, usinitake niyaseme tena kwa mdomo.

Basi nisikilize. Karatasi ya Abdulwahid irudishe kama ilivyokuja. Si kwa ajili yangu. Fungu silitaki tena, liende linakotaka, lisimame au litoboke. Mwambie mwanao akitaka biashara afungue duka hapo Kiponda, auze viatu vyeupe.

Ninachokitaka mie ni kile kipande cha nyuma, penye mawe magumu, baina ya mikoko na njia ya kwendea Pwani Mchangani. Kile nilichokuwa nikikiita jalala lako mbele ya watu. Bamvua tatu nimekwenda kuweka alama, maji hayajafika. Yanaingia mikokoni na kelele zote, yanatoka upande wa pili hayana hata nguvu ya kusogeza kifuu. Ukuta wangu wa chokaa ulilala, ile miti yako ya matopeni imesimama. Fundi mzima wa kuta, na hilo sikuliona miaka arubaini na mitano.

Nataka ruhusa yako nijenge hapo. Neno hilo sijapata kumwandikia mtu, na hapa nimelifuta mara mbili, utaona karatasi ilivyochakaa. Vyumba viwili na choo, basi. Mawe nitayatoa kwenye huo ukuta uliolala, maana ni mazuri na hayana dhambi. Khamisa ameshafunga vyombo bila kunishauri. Nikamwuliza amejuaje kama utakubali, akasema, "Mimi namjua Sichana. Wewe ndiye humjui." Nikamwacha aendelee kufunga, kifua chake kinamuuma.

Ukikataa sitakulaumu. Nitakwenda kwa binti yangu Ummy huko Jozani, nikae na kima punju, nao hawana mahoteli. Lakini niambie upesi. Shemsa atakaa wiki mbili, anasema akirudi atakuwa na jawabu lako, na nyumba hii inasikia kila wimbi.

Nisalimie shemegi yangu Khatib, mwambie ile kofia aliyoniletea inanibana, kichwa changu si kidogo kama alivyodhani. Msalimie Nasima na mumewe, na Ayoub, na hao wadogo wote ambao majina yao sijayaweza. Salhiya wa mtaa wa chini anakusalimu, bado anasema uongo kuhusu umri wake. Abdulwahid pia nimemsamehe mabega yake, ila usimwambie.

Mwenyezi Mungu akupe siha na umri wenye manufaa, akuwekee wanao, akukutanishe nami tukiwa wazima, wewe na goti lako na mie na meno yangu.

Na hili lisome mbele ya Khatib ili pawe na shahidi. Unajua kwetu mtu akipanda mti wa kudumu kwenye ardhi ya mwenziwe, kesho wanawe huja wakasema ardhi ni yao kwa sababu ya mti wa baba. Wangu wasije. Nyumba itakuwa ya Mjaka maisha yake na ya Khamisa, na ardhi itabaki ya Sichana. Nitapanda mchicha, tungule na muhogo, vitu vya kung'oa. Mnazi sitopanda. Hata mmoja.

Ni mie kaka yako nikupendaye, ukubali usikubali,

Mjaka